Mwandishi Asiyejua Kupiga Kafi

Katika miaka ya hamsini, pale Kabuta kwenye ufuko wa ziwa Mweru, hakuna mtu aliyesoma hadithi nyingi kuliko mimi, na hata kama alikuwepo, hakuwa na ubishi kama wangu. Nasema hivi bila haya. Nilikuwa mjane wa miaka thelathini na kitu, mkaushaji wa samaki, mikono inanuka moshi mpaka kanisani, na bado maboti ya wanunuzi yalipofika kutoka ng'ambo ya Kongo, swali langu la kwanza halikuwa bei ya chumvi. Nilipiga kelele kutoka kwenye kichanja changu cha samaki: "Muko na kaye?"

Kaye lilikuwa daftari la shule, na riwaya zetu zote ziliishi humo. Hazikupita kwa mzungu wala mchungaji, hazikupigwa chapa mahali popote. Mtu wa ng'ambo aliandika mwenyewe kwa kalamu ya risasi, rafiki zake wenye mwandiko mzuri wakanakili mara tatu au nne, kisha madaftari yakavuka ziwa katikati ya magunia ya chumvi. Jina la mwandishi halikuwekwa, kwa maana karani ambaye bosi angemkuta anaandika mapenzi kwenye karatasi za biro, yaani za ofisi, angefukuzwa siku hiyo hiyo. Kwenye jalada kulikuwa na agizo moja tu: ukimaliza kusoma, andika neno nyuma. Hayo ndiyo yalikuwa malipo, nayo yalimrudia mwandishi ng'ambo daftari likishazunguka. Kurasa mbili za mwisho ziliachwa tupu kwa ajili ya maoni, na mimi nilizijaza zote mbili, nikageuza daftari nikaandika pembeni.

Kusoma nilikujua tangu utoto, maana nilizaliwa upande ule wa Kongo na masista walinifundisha kwa Kiswahili. Ndoa ndiyo iliyonileta huku. Nyumbani tuliongea Kibemba, sokoni Kiswahili, na ndani ya kichwa changu niliongea na watu wa madaftari.

Riwaya za mapenzi zilinitia hasira tamu sana. Kulikuwa na moja ambamo msichana analia kurasa kumi na tisa kwa sababu mchumba wake amekwenda migodini. Kurasa kumi na tisa! Nikaandika nyuma: "Nani anapika katika nyumba hii?" Katika nyingine, binti anamtambua mpenzi wake kwa harufu ya sabuni hata kabla hajageuka. Hiyo niliipenda kupita kiasi, nikaisoma mara tatu, halafu nikaandika kwa ukali kwamba sabuni ya namna hiyo haipo, ili mtu asijue nilivyoyeyuka.

Za upelelezi nilizisoma nikiwa na kijiti mkononi, nachora mchangani nani alikuwa wapi. Askari mmoja alimkamata mwizi wa nyavu kwa alama za miguu ufukweni. Nikarudi ukurasa wa sita, nikakuta mwandishi mwenyewe ameandika kwamba mvua ilinyesha mpaka asubuhi. Nilicheka mpaka samaki wa safu ya chini wakaungua. "Mwachieni huyo mwizi," niliandika, "mvua imemtetea."

Kulikuwa pia na za kanisani, ambazo mlevi anatubu. Kabla ya kutubu alikuwa anaimba, anaiga sauti za watoza kodi, analala ndani ya ngoma. Baada ya kutubu hasemi neno lolote la maana mpaka mwisho. Nikaandika: "Mungu amemwokoa, mwandishi amemuua." Mzee wa kanisa aliyelipata daftari hilo baada yangu hakunisalimia wiki mbili.

Na za maajabu! Moja ilikuwa na mji chini ya ziwa letu hili hili, taa zinawaka bila mafuta, na samaki wamekaa kwenye viti wanakausha watu. Kwa wiki nzima nilioga kwa maji ya ndoo. Maoni yangu yalikuwa mafupi: "Nzuri. Usiandike nyingine." Ya safari ilimhusu mchuuzi aliyeondoka Kabuta na baiskeli, mzigo wa makobo, samaki wa ziwa letu, nyuma, matairi yamejazwa majani kwa kukosa mpira, akapiga pedali mpaka Ulaya na kumuuzia samaki mpishi wa mfalme. Nilihesabu miezi kwa vidole, vidole vikaisha. Niliandika: "Samaki gani hawa? Nitumie hiyo chumvi."

Basi nilikuwa hivyo, mtu wa maneno mengi nyuma ya daftari. Nje ya daftari mambo yangu hayakuwa ya kucheka sana. Mume wangu alikuwa amekufa kwa homa, ameniacha na binti mmoja na boti la mbao, kubwa, lenye nafasi ya watu sita. Boti lilikuwa limepinduliwa juu ya magogo karibu na nyumba, kuku wanataga chini yake. Kwa desturi za huku, mali ya mwanamume huelekea kwa watoto wa dada yake, na dada yake, yaani wifi yangu, alikuwa na wana wawili wakubwa. Wifi hakuwa mtu mbaya. Alikuja siku moja, akapiga ubavu wa boti kwa kiganja, akaniita mulamu, yaani wifi, akasema waziwazi, "Mulamu, bwato ya ndugu yangu haiwezi kuwa nyumba ya kuku. Kama mvua ya kwanza inafika na haijagusa mayi, batoto yangu batabeba."

Nilijua ana haki. Vijana wa kuvua walikuwepo, tena walikuwa tayari, lakini hakuna aliyekubali kuingia katika boti la marehemu bila mtu wa nyumba yake kushika kafi la nyuma, lile refu la kuelekezea. Mtu wa nyumba yake nilikuwa mimi. Na mwanamke alipanda boti kama abiria, akakaa juu ya mizigo, akashuka. Hakuna sheria iliyotukataza kushika kafi la nyuma. Ni kwamba haikuwahi kutokea, na jambo ambalo halijawahi kutokea huwa gumu kuliko lililokatazwa.

Mwanzoni mwa kiangazi hicho ndipo lilipokuja daftari la kwanza la mwanamke nahodha.

Alikuwa mjane, kama mimi. Aliunda boti lake mwenyewe, kwa mbao za kitanda chake alichokivunja. Aliwafukuza watoza kodi kwa ndoo ya matumbo ya samaki. Daftari la pili alipigana na kiboko. La tatu alikataa wachumba wanne katika sura moja, kila mmoja kwa sababu yake. Nilikuwa nasoma nimesimama, nasoma nageuza samaki, nasoma naacha kugeuza. Hata hivyo sikumhurumia mwandishi. Mawimbi yake yalitoka upande mmoja na upepo upande mwingine, na nahodha wake alishika kafi kama mtu anayesonga ugali. Niliandika: "Mwandishi wa kitabu hiki hajui kupiga kafi. Atupwe ziwani ajifunze, kisha aendelee haraka."

Daftari la nne lilikwisha hivi: dhoruba, usiku, boti limetoboka, yeye yuko nyuma na kafi, na vijana wote wanalia. Akaweka mguu wake juu ya tundu, akageuza uso kuelekea nchi kavu, akafungua mdomo, akasema...

Hapo mwisho. Ukurasa uliofuata ulikuwa wa maoni, na juu yake nilichora mstari mmoja wa hasira uliotoboa karatasi. Nilitaka kujua jambo moja tu: anafika au hafiki? Kwa wengine ilikuwa hadithi. Mimi nilikuwa na boti chini ya kuku, na huyu alikuwa mwanamke wa kwanza niliyemsikia, hata kwa uongo, akishika kafi la nyuma. Kama angefika, basi jambo lile lingekuwa limewahi kutokea mara moja.

Maboti yakaja, kaye la tano halikuja. Badala yake alikuja mshenga, shibukombe kama wanavyomwita huku, kumposa binti yangu kwa niaba ya karani mmoja kutoka ng'ambo aliyepata kazi ya kuandika mizigo pale Nchelenge. Kijana mpole, mwenye kalamu mfukoni. Nilikubali. Tangu siku hiyo, kama desturi inavyotaka, mimi na mkwe wangu hatukuruhusiwa kusemezana, kula pamoja, wala kukutana njiani. Walioana upesi, akajenga nyumba hatua arobaini kutoka kwangu. Nikitokea huku, yeye anaingia kwenye matete. Akipita kule, mimi nageukia ukuta. Kwa miezi mitano nilimjua mkwe wangu kwa mgongo tu, na mgongo wake ulikuwa na adabu sana.

Siku moja binti yangu alikuja kuomba moto akiwa anacheka hata hawezi kusimama.

"Mama," alisema, "ile mutu mwenye kuandika kaye ya bibi wa bwato, unamujua?"

"Nikimujua nitamupiga."

"Basi upige. Ni bwana yangu."

Nilikaa chini juu ya kuni. Nikakumbuka kila neno nililowahi kuandika, hasa lile la kumtupa ziwani. Nikamuuliza binti kama mumewe anajua maoni yale ni ya nani. Akasema amemweleza jana, na kwamba mume aliomba maji ya kunywa.

"Na kaye ya tano?"

"Iko mu sanduku. Ameisha kuandika. Lakini anasema mwisho yake haiko muzuri, ataichoma."

Furaha na hofu vilinishika kwa pamoja nikaanza kuhema. Lipo! Hatua arobaini! Na mtu pekee ninayemhitaji duniani ndiye mtu pekee nisiyeruhusiwa kumwambia hata "habari". Nikamtuma binti. Akaenda akarudi: mume anasema hapana. Nikamtuma tena na hoja tatu. Akarudi na hoja mbili, moja ameisahau njiani. Safari ya nne akajitupa kwenye mkeka, tumbo lake la miezi minne mbele yake, akasema, "Mi siko posta yenu!"

Siku ya pili asubuhi nilimwona mkwe. Alikuwa amesimama kwenye moto wangu wa samaki, moto pekee uliokuwa ukiwaka saa hizo, mgongo ule ule wa adabu, na mkononi ana daftari. Analipeleka karibu na moto, analirudisha, analipeleka tena. Nikakimbia. Aliposikia miguu yangu alifanya kama mkwe mwema yeyote angefanya: alitimua mbio kuelekea kwenye matete. Mimi nilipaswa kugeuka. Sikugeuka. Kijiji kizima, wenye ndoo na wenye nyavu, kilimwona mama mkwe akimfukuza mkwewe mchana kweupe, kitambaa cha kichwa kimeanguka, anapiga kelele kuhusu kitabu.

Matete yalimficha. Nikasimama. Karibu yangu alikuwepo mbuzi wa jirani, amefungwa kwenye kigingi. Nilimgeukia yeye.

"We mbuzi!" nilisema kwa sauti kubwa. "Unaona mutu anataka kuchoma kitabu mu moto ya samaki? Muulize: ule bibi anafika ao hapana?"

Matete yakatulia. Kisha sauti ambayo sikuwahi kuisikia, nyembamba na ya heshima, ikatoka ndani:

"We mbuzi, umuambie mwenye kuuliza: mwisho ni mubaya. Ni afazali asisome."

"We mbuzi, mwenye kuuliza amesoma mabaya mengi ya huyu mutu na hakukufa!"

"We mbuzi, umuambie tunaomba pardon."

"We mbuzi, sitaki pardon, nataka kaye!"

Mbuzi alitutazama sisi wote wawili kwa zamu. Na hapo nikasikia mtu anavuta pumzi nyuma yangu. Alikuwa wifi, kikapu kichwani, mdomo wazi.

"Awe, mulamu!" alisema. "Weye unaongea na mukwe kupitia mbuzi?"

Nilijitetea kwamba desturi haikutaja mbuzi. Hakucheka. Baadaye alikiri kwamba alicheka njia nzima kurudi kwake, lakini wakati ule hakucheka.

Njia iliyobaki ilikuwa moja. Ipo sherehe ya kumwingiza mkwe nyumbani, kwingisha, ambamo mama mkwe anapika, anamkaribisha, na tangu siku hiyo miiko yote ya kukwepana inaondoka. Kwa kawaida inangoja miaka, mpaka mtu ameonekana tabia, mpaka watoto wamezaliwa. Nilitangaza kwamba mimi naifanya Jumapili.

"Mutoto hajazaliwa!" wifi alisema. "Bantu batasema nini? Unamulisha mukwe kuku sababu ya kaye?"

"Kuku watatu," nilimwambia. "Na wewe utanisaidia kunyonyoa."

Akaja kunyonyoa, huku ananong'ona kwamba mawingu yameanza kukaa upande wa mashariki na yeye hajasahau habari ya boti. Sikuhitaji kukumbushwa. Nilikuwa nayahesabu mawingu hayo kila asubuhi kabla ya kunawa uso.

Jumapili ile nilipika kama mwenye wazimu. Kuku watatu, wale wale waliokuwa wanataga chini ya boti, maharage, makobo wabichi, bukari, yaani ugali, mweupe mlima mzima. Mkwe akaingia ndani ya nyumba yangu kwa mara ya kwanza, ameinama, suti yake imebana mabegani. Nikamwona uso. Alikuwa na uso wa kitoto na macho ya mtu aliyekosa usingizi. Wazee wakasema maneno yao, mimi nikamnawisha mikono, akamega tonge la kwanza mbele yangu, watu wakapiga vigelegele. Miiko imekwisha. Wote wakasubiri mama mkwe aseme neno la baraka.

"Anafika?" nilisema.

Mkwe alimeza tonge. "Bon, basi, mama," alisema. Akatoa daftari kwenye koti, akaliweka mapajani. "Hafike. Anakufa mu mayi."

Wageni wakaacha kutafuna. Nadhani nusu yao walidhani wamefiwa.

"Hapana," nilisema. "Hapana kabisa! Amepigana na kiboko. Amekataa bachumba bane. Mguu iko juu ya tundu, inchi kavu inaonekana, na weye unamuzamisha? Sababu gani?"

Hapo kijana yule mpole alinishangaza. Hakuomba msamaha. Alinitazama usoni, jambo ambalo jana lingekuwa aibu, akapandisha sauti kwa hasira.

"Mama, mi nilijaribu! Mara tatu nilimufikisha. Nikisoma, naona ni uongo. Mulisema mi sijui kupiga kafi, na ni kweli, mu bwato natapika. Lakini si hiyo tu. Sijaonaka mwanamuke kushika kafi ya nyuma. Hata moja. Nitaandika namna gani kintu sijaonaka? Kumuzamisha najua. Kumufikisha sijui."

Kijana alisema kweli. Kama angemfikisha, nami nikasoma bila kumjua mwandishi, ningeandika nyuma: uongo, hakuna aliyeona. Niliona haya, kisha nikaona hasira, na hasira ile haikumhusu yeye. Kuku akapoa. Watu wakaanza kula polepole na kuzungumza mambo mengine, kwa huruma.

Nilisimama nikaenda mlangoni nikalitazama boti. Halikuwa na kuku tena chini yake. Nikasema, bila kugeuka, "Kesho asubui unakuja na kaye na kreyo ya kuandikia. Tunaona."

"Mama, mi natapika."

"Utatapika na utaandika."

Kesho yake jua lilipokwisha kupanda tulilipindua boti. Vijana wanne walikuja, wawili kati yao wana wa wifi, kwa sababu walitaka kuona kama nitaanguka. Wifi mwenyewe alisimama mchangani amekunja mikono. Mkwe aliingia mbele kabisa, rangi imemtoka, daftari ndani ya shati. Mimi nikapanda nyuma, nikafunga kitenge kiunoni mara mbili, nikalishika kafi refu la marehemu mume wangu. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani kwa miaka yote ya kuliangalia.

Tulizunguka. Sisemi kwa kupamba, boti lilizunguka duara zima mbele ya watu wote, kisha likazunguka la pili. Wanawake ufukweni walicheka mpaka wakashikana. Mimi nilicheka pia, sikuweza kujizuia, na nilipocheka mikono ililegea na boti likanyooka lenyewe kidogo. Hapo nikasikia sauti moja inapasua kelele zote, sauti ya wifi, ambaye alikuwa ameingia majini mpaka magotini na nguo zake zote:

"Kushoto, mulamu! Kushoto! Usiangalie mayi, angalia mbele!"

Nikaangalia mbele. Matete yakabaki nyuma. Upepo ukatupata, na mawimbi, upande ule ule ambao upepo ulitoka, kama inavyopaswa. Wimbi la kwanza liliingia ndani na kutulowesha wote. Niliogopa sana, na moyo ulikuwa unaruka kwa furaha, sikujua kipi ni kipi. Vijana walipiga makafi yao na kunitazama mimi, wananingoja niseme twende wapi.

Kule mbele mkwe wangu alikuwa amekwishatapika mara moja. Mkono mmoja ameng'ang'ania ubao, mkono wa pili una kalamu, daftari limefunguliwa kwenye magoti, limelowa.

"Mama!" alipiga kelele. "Niandike nini?"

"Ngoja kwanza nifike!" nilimjibu.